Vema Mbili

Kwenye fomu ya chekechea, pale Isevya,
palikuwa na maswali mawili ya kuwekea vema:
Mtoto anaomba choo?
Mtoto anataja jina lake?
Niliweka vema, nikaweka vema,
kwa kalamu niliyoazima kwa mlinzi,
nikamrudishia upesi kama kalamu ya wizi.

Ana miaka mitatu na miezi minane.
Babu yake alimwita Mihayo, kitovu bado kibichi.
Mihayo, kwa Kinyamwezi, ni maneno.
Tangu siku hiyo tunayasubiri.

Asubuhi namfungia kaptula tatu katika kipande cha khanga.
Saa sita narudishiwa kipande kile kile,
kizito,
na mwilini ana kaptula ya nne, si yake,
ina kiraka cha mtoto wa watu.
Mwalimu Tausi hanisemi. Hilo ndilo linaloniuma.
Ananiambia tu, "Mama Mihayo, leo zote,"
kama muuza maandazi aliyemaliza beseni.

Jirani wa kulia anasema ni ulimi, umefungwa, ukakatwe.
Wa nyuma anasema mpige midomo kwa mwiko wa jana, usiooshwa.
Mama mkwe anasema baba yake naye
alikaa kimya mpaka alipoota meno ya pili,
na sasa mtazame, mtu wa reli,
anabishana na abiria kutoka hapa hadi Mpanda.
Nilicheka.
Usiku nikalia kidogo, nimegeukia ukutani.

Hospitali, nesi alitikisa funguo nyuma ya kisogo chake.
Mihayo akageuka.
"Masikio mazima," akaandika tarehe ya kurudi.
"Na wewe, huwa unaongea naye nini?"

Mimi napima asali, kikombe kwa kikombe.
Asali haitaki maneno, inataka mkono usiotetemeka.
Kutwa nasema: elfu mbili. Mia tano. Chenji sina.

Basi tukaanza. Hii sufuria. Huu mfuniko. Hili, hili ni jicho lako.
Nikamtajia dunia kipande kipande kama dalali wa mnada,
naye akinitazama mdomoni
kana kwamba nimebakiza punje ya wali.

Choo nacho. Choo cha shule ni shimo.
Jumamosi moja mlinzi alitufungulia,
nikachuchumaa pembeni yake, nikaona anachokiona:
shimo ni pana kuliko makalio yake.
Nani angekubali?
Mwalimu Tausi akamtafuta fundi, ubao, tundu dogo.

Kisha ikanyesha ile mvua, reli ikakatika, treni hakuna.
Alfajiri Mihayo akanivuta pindo.
"Mbuu."
"Leo hakuna treni, mwanangu."
"Mbuu."
"Baba yuko Mpanda, njia imeharibika."
Akanitazama kwa huruma.
Mara, uvuguvugu ukanishukia mguuni.

Kila alfajiri namsimamisha nyuma ya banda,
nafanya shwii, shwii, hakitoki kitu,
mpaka treni ilie kule stesheni,
mbuuu,
hapo ndipo anapoachia.
Neno alikuwa nalo.
Mimi ndiye niliyechelewa kujifunza.

Mwalimu aliliandika nyuma ya daftari la mahudhurio,
akalisema kwa sauti, mara mbili, bila kucheka.

Wiki ya pili niliwahi kufika, nikasimama dirishani.
Zubeda wa mzee Kapilima, mtoto mwenye lugha yake yote,
alinyoosha kidole:
"Mwalimu, mbuu!"
Wawili nyuma yake, mbuu, mbuu,
wakatoka wameshikana mashati, mabehewa,
na mbele yao mwanangu, kichwa cha treni,
kaptula kavu.

Ile ya kwanza, yaani. Mbili zilikuwa bado mfukoni,
na Alhamisi alizilowesha zote.
Jina lake bado hajalitaja.
Nimeomba fomu. Nimeazima tena kalamu ya mlinzi.
Vema ya pili nimeikata.
Ya kwanza nimeiacha.