Mkono Nyuma ya Kioo

Alifika Oruro na sanduku moja la bati,
ndani yake pepeo la manyoya, viatu vya visigino,
na, nje ya sanduku, goti la kushoto lililogoma kukunjika.
Kwenye mabango ya hema aliitwa Kalandria,
kwenye cheti cha kuzaliwa, Eduviges Colque Arancibia.
Redioni tulimwita Donya Edu:
umeme wa mgodi ulikuwa haba, na majina marefu yana gharama.

Miaka kumi na tisa alikula kwa kuanguka.
Alijua kuanguka kitini kwa namna kumi na moja:
kilevi, kiaskofu, kama mjane aliyeona panya.
Hema lilicheka mpaka kamba zikalegea.
Kisha, usiku mmoja, huko Challapata,
akaanguka kwa namna ya kumi na mbili,
ile asiyoifanyia mazoezi.
Watu walicheka kuliko siku zote.

Mimi nilikuwa fundi mitambo, miaka kumi na saba,
ndevu tatu, koti la kaka yangu.
Jioni yake ya kwanza aliiinamia maikrofoni
kama mtu anayemwinamia gavana.
Alijipaka poda, wanja, rangi ya midomo.
Nikamwambia, mama, huku hakuna wa kukuona.
Akasema: Na wewe nani? Kiti?

Akasoma tangazo:
lama mwekundu kapotea, ana kengele na tabia mbaya,
atakayemwona amwambie Bwana Fortunato wa duka la kampuni,
na atakayemwona Bwana Fortunato amwambie lama akimbie.
Akangoja.
Kimya cha ukumbini kina kikohozi, kina mtu anayemenya chungwa.
Kimya cha redio hakina hata panya.
Jasho likamtoka juu ya poda.
Wimbo ulipoanza akagonga kioo kwa pete yake:
Ukicheka, nyanyua mkono. Nipe hata mmoja.

Nikampa. Miaka minne nilicheka kwa mkono,
mdomo nimeufunga, vidole dari.
Chini ya ardhi, kwenye mapumziko,
wanaume walitafuna koka na kumcheka kwa sauti,
lakini yeye aliniamini mimi.

Agosti ile baridi ilipasua mabomba.
Paa la ngazi ya sita likashuka.
Karani wa chama akaleta karatasi, wino haujakauka,
majina ya wale waliotolewa na hawakuamka.
Donya Edu akasoma saba,
polepole, kila mtu na jina la mama yake.
La nane, akanyamaza.
Akaniangalia.
Na mkono wangu, kwa mazoea, mkono mjinga,
ukaanza kupanda.

Akavua visikilizio. Maikrofoni akaiacha wazi.
Kambi nzima ilisikia kiti kikisogea,
kisigino, mburuzo, kisigino, mburuzo,
bawaba ya mlango ikilia.
Kisha chumba kitupu, dakika mbili,
kikapeperushwa mpaka milimani.

Alichoniambia upande wangu wa kioo hakikwenda hewani.
Hakuwa Kalandria, hakuwa Donya Edu.
Ilikuwa sauti ya tatu; sikuisikia tena.

Kisigino, mburuzo. Akaketi. Akasoma:
Primitivo Huarachi, miaka ishirini na mbili,
mwana wa Saturnina.
Koti lake lilikuwa mwilini mwangu.

Wako wanaosema umeme ulikatika usiku ule.
Sibishani nao.

Tulimzika mwezi Juni. Waliofuata jeneza waliulizana,
ndiye huyu, mfupi hivi?
Wote walikuwa wameishona ile sauti
kwa kipimo cha mwanamke mrefu.
Langoni mwa makaburi mbebaji mmoja akateleza kwenye barafu,
jeneza likayumba, likainama, likajirudi.
Watu wakajiziba vinywa.

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa.
Nikanyanyua mkono.