Mizani ya Tusi

Mwezi wa kwanza, kwenye tanuri la Evaristo, Buenos Aires,
nilikuwa na daftari mfukoni mwa aproni,
limeganda unga hata kurasa hazifunguki.
Boludo: mwenye korodani kubwa.
Ndivyo kamusi ilivyosema, kwa haya, kwa herufi ndogo.
Nikawatazama wanaume watano wakikanda,
wakiitana hivyo tangu saa tisa ya usiku:
lete chumvi, boludo; mkeo hajambo, boludo?
Nikawaza: kwetu Gyumri, kwa matusi ya nguoni kama haya,
si damu ingekwisha changanyika na hamira?

Mimi waliniita señora.

Ramiro, mpanga mikate, ndiye aliyenifundisha kupima.
"Neno ni jepesi, Araksi. Mkono ulioshika ndio mzito.
Likivutwa, boluuudo, umekumbatiwa.
Likikatwa fupi, sogea pembeni.
Na dereva akilitema kupitia dirishani
kisha akamtaja mama yako,
usingoje amalize."
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena.
Pelotudo: ndugu wa lile la kwanza, ila huyu ana meno.
Che: si tusi, ni hodi.

Agosti, baridi, sinia la moto likateleza rafuni.
"Cuidado, boluda!"
Evaristo alilidaka kwa kiganja kitupu,
kikaungua kiganja, ikapona shingo yangu.
Wote wakanyamaza, wananitazama nitafanyaje.
Nilicheka mpaka machozi yakachora njia kwenye unga wa mashavu.
Siku ile sikufungua daftari.
Nilidhani nimehitimu.

Halafu Desemba akaja Fermín, nduguye wa tumbo moja,
na karatasi za nyumba ya mama yao,
imeshauzwa, imeshatiwa sahihi.
Nikajikaza kuyasikia yale mazito,
yale niliyoyatengea ukurasa mzima mweupe.

Evaristo akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.
Akamvutia kiti.
"Karibu uketi, señor," akasema.
Taratibu. Kama anaongea na mtu wa benki.

Ramiro aliacha kukanda.
Mtu akazima redio.
Fermín akakiangalia kile kiti
kama aliyetemewa mate mbele za watu,
akasema kwa sauti ya mtoto,
"Nitukane basi, boludo. Nitukane."

Mkate wa zamu ile uliungua wote.
Hakuna aliyeulizwa.