Hesabu ya Choya

Mtandao haufiki sebuleni kwangu, hapa Hombolo.
Unashika juu ya mnara wa tenki, upande wa bwawa,
basi kila saa mbili usiku napanda ngazi,
simu nimeing'ata kama paka aliyebeba mwanawe,
nikatoe idadi.

"Leo umekunywa vikombe vingapi?"
Haisemi Ndahani, haisemi baba Nyemo,
haisemi "we mlevi" kama wasemavyo kilabuni
wale wale walionijazia.
Inaniwekea kisanduku cheupe, upana wa ukucha,
na kijistari kinachopepesa, kinasubiri.

Usiku wa kwanza nilijaza: viwili.
Viwili! Mke wangu angecheka hadi apaliwe.
Kikombe changu ni kopo la rangi lililosuguliwa kwa mchanga.
Asubuhi jibu likaja, la mtu, si la mashine:
"Asante kwa kuandika. Hicho kikombe kina ukubwa gani?
Mimi ni Sechelela, mnasihi wako."

Nikapima kwa chupa ya soda. Chupa mbili na robo.
Mara sita.
Nikapanda tena, mchana kweupe,
nikafuta viwili, nikaandika sita.
Upepo ukanirushia vumbi machoni;
nikaushukuru kwa kisingizio.

Msinielewe vibaya, siku hiyo nilikunywa.
Nilichoacha ni uongo mmoja.

Nalima zabibu. Ekari moja, na deni.
Nzuri zinapanda lori kwenda kiwandani,
makapi yanarudi kijijini yakiwa choya,
nami jioni nanunua kwa rejareja
jasho nililouza asubuhi kwa jumla.
Hili nililijua miaka yote. Sikuwahi kuliandika.

Sechelela akauliza: mikono inatetemeka ukiamka?
Nikasema kidogo. Kidogo ya namna gani, kijiko kinamwaga chai?
Kinamwaga.
"Basi usikate ghafla. Nenda kituo cha afya kesho,
uniambie daktari amesemaje."
Nami nilidhani kuacha ni kufunga bomba.

Kisha akataka saa, na nani, na moyo ulikuwaje kabla.
Saa kumi na moja, na Chilewa, wameshusha bei ya kilo.
Saa kumi na moja, peke yangu, hakuna sababu.
Saa kumi na moja, peke yangu, mwezi huu ndio alikufa kaka.
Nikaisoma safu nzima nimekumbatia tenki la baridi,
nikaona kiu yangu haina koo,
ina saa ya mkononi tu.

Kwenye harusi ya Mpwapwa nilipoteza hesabu nikiwa tisa.
Bando likaisha, au nililiacha liishe.
Siku nne sikupanda.
Ya tano nikakuta maneno yamekaa kama mgeni kibarazani:
"Sijaona namba zako. Sikufuati kwa fimbo. Niko hapa."
Nikaandika: tisa, halafu sijui.
"Sijui nayo ni namba," akajibu. "Tuanzie hapo."

Sura yake siijui. Namtambua kwa nukta zake;
hajawahi kunitumia alama ya mshangao.

Sasa ni msimu wa kupogoa. Saa kumi na moja
inanikuta shambani na mkasi.
Mzabibu ukikatwa hudondosha maji siku kadhaa,
marehemu baba aliita kulia.
Alikuwa akifunga kidonda kwa kitambaa.
Mimi nauacha ulie.

Nyemo ameshika ngazi chini.
"Baba, unaandika nini huko?"
"Hesabu."
"Imetoka ngapi?"
Sifuri, mviringo kama punje ambayo haijakamuliwa.
Nimeibonyeza, imekwenda.
Hakuna aliyepiga makofi, ni vyura wa bwawa tu.

Kesho sijui.
Kidato cha nne cha ngazi kimelegea;
asubuhi nitakigongea msumari.