Kilo Moja ya Mahindi

Fomu ya kibali ina vyumba vinne:
harusi, kipaimara, mkutano wa injili, mengineyo.
Nikaweka vema kwenye mengineyo.
Karani akashusha miwani. "Mengineyo gani?"
Muziki, nikasema.
"Wa namna gani?"
Wa haraka.
Akaandika: ngoma za asili.
Akagonga mhuri. Sikubisha.

Kumbi za Mwanjelwa zilikuwa zimeshatukataa.
Mwenye ukumbi mmoja aliusikiliza wimbo wetu kwenye simu,
ukaisha kabla hajaiweka sawa sikioni,
akauliza kama nimeishiwa bando.

Ndipo tukaangukia Uyole, kwa Mama Ngabile,
mwenye mashine ya kukoboa na kusaga:
kuta za bati, boriti zimeota ndevu za unga.
Mchana kutwa mashine hunguruma pale
na hakuna jirani aliyewahi kulalamika.
Hilo ndilo lililonivutia.
Nusu ya kiingilio yake, tufagie wenyewe,
na atakayegusa mizani atajuta.

Kiingilio buku.
Asiye nayo, kilo moja ya mahindi,
makavu, yasiyobunguliwa.

Mabango tuliyabandika kwa uji wa ngano.
Mbuzi wa Ilomba walikula saba.

Anyosisye alikuwa na ngoma mbili,
ya tatu debe la mafuta ya alizeti,
na toazi la kuazima, la bendi ya tarumbeta kanisani.
Alimwambia mwalimu ni la mazoezi.
"Lirudi kabla ya ibada ya kwanza."
Litarudi.

Gegedu, wageni wetu, walitarajiwa saa sita kwa treni.
Walifika saa mbili usiku, juu ya lori la mbao,
magitaa ndani ya viroba vya mbolea,
vidole vimekakamaa kwa baridi ya Julai
hadi tukaviosha kwa maji ya chai.
Mwimbaji wao, binti Mgaya, fundi cherehani wa Makambako,
aliomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja, kwa upole,
kisha akafungua kinywa,
na likatoka lori linaloshuka Kitonga bila breki.

Nyimbo kumi na saba, dakika kumi na tisa.
Mmoja juu ya bei ya mbolea.
Mmoja juu ya mwenye nyumba na kodi ya miezi sita.
Mrefu kuliko zote ni ule wa lumbesa,
gunia linalonenepa mkononi mwa mnunuzi:
dakika mbili nzima, watu wakauita wa mapenzi.

Kila pigo liliangusha unga toka darini.
Watu thelathini na wanane, makoti ya mitumba ya Sido,
wakarukaruka mpaka wote wakawa na mvi,
na Lusajo, wa kidato cha tatu,
akafanana na marehemu babu yake kiasi cha kuniogopesha.

Saa nne, tochi mlangoni. Mtendaji na mgambo wawili.
Mama Ngabile akawatokea amevaa koti la mumewe,
akauvuta mlango nyuma yake.
"Kuna nini humu?"
"Nasaga."
"Usiku huu?"
"Kuna msiba Ituha. Watu watakula nini?"
Mtendaji akatega sikio. Anyosisye hakujua, hakupunguza.
"Mama, hiyo mashine beringi zimekwisha."
"Nitamwita fundi kesho."
Akaenda zake.

Hesabu: elfu ishirini na saba, kilo kumi na moja za mahindi.
Mama akachukua nusu yake, akaihesabu mara mbili,
halafu akawasha mashine ya kweli
akawasagia Gegedu mahindi yale, bila kudai senti.
Sisi tukafagia mpaka jogoo wa Uyole wakaanza.

Toazi tulilifunga kwa khanga.
Likawahi.
Nilikaa benchi la nyuma, masikio yakivuma,
mwalimu akainua mkono, likalia,
na Anyosisye, kule mbele, akainama kama anayesali:
ufa wa urefu wa kidole gumba,
upande wa chini, ambao bado hawajaugeuza.