Kaa

"Kaa," nikamwambia Sikudhani,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mgongo ukutani, kanga kifuani,
nywele nusu zimesukwa, nusu timtim,
maana msusi alipigiwa simu akaondoka.

Kaa. Neno la kumtuliza mtu,
na jina la hiki kipande cheusi mkononi mwangu:
vijiti vya michongoma ya uzio wa shule,
nilivichoma ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kifuniko nimekibana kwa waya,
kwenye jiko lake, bila ruhusa yake.

Jirani, mafundi wa Keko wanapiga randa.
Vumbi la mbao linaingia dirishani, linatua
kwenye karatasi ya mfuko wa saruji
yenye mkunjo katikati usiosikia pasi.
Nikaupa mkunjo kazi: uwe ukingo wa shingo.

Nilianza na paji. Rahisi.
Nikashuka na pua, mstari mmoja, mkono haujainuka,
kama mtu anayeshuka ngazi za kwao gizani.
Nyusi: mkaa umelazwa ubavu, ukaburuzwa kidogo.
Lakini kwenye bega la kushoto
mstari uliotaka kupanda ukazama,
ukawa mzito, ukavunjika, ukamwaga unga.
Nikadhani nimekosea. Nikafuta kwa tonge la boflo,
nikachora tena.
Ukazama tena.

Ndipo nikamtazama.

Miaka sita nalala upande wa bega hilo.
Limeshuka lini?
Tangu ndoo za maji za mwezi wa kumi?
Tangu ile bahasha ya hospitali chini ya godoro,
niliyoipita kama mtu anavyopita bango?
Macho yangu yalikuwa yanamsalimia tu.
Mkaa ndio uliovuta kigoda, ukamuuliza habari.

"Mbona umenyamaza?" akasema, midomo haijasogea.
"Unanichora au unanisoma?"
Sikujibu. Nilikuwa chini ya jicho,
pale ambapo mkaa hauandiki, unapakwa kwa ncha ya kidole,
jinsi unavyogusa chungu kujua kama kimepoa.

Mdomo ulinishinda.
Wa kwanza ulicheka. Wa pili ulinuna.
Wa tatu ulikuwa wa dada yake, Mwanahawa.

Akainuka, akasimama nyuma yangu, kimya,
akalamba kidole gumba,
akaukandamiza ule mdomo wa Mwanahawa,
akauburuta kidogo kuelekea shavuni.
"Basi. Mimi ndiyo huyo."

Doa tu. Halina mstari hata mmoja.
Nalo ndilo lililopumua.

Sina dawa ya kuugandisha mkaa;
kila akiguswa, humwachia kitu aliyemgusa.
Nimemtundika kwa msumari wa kuomba kwa mafundi,
na asubuhi nikamkuta yule mwingine, wa nyama,
anakinga maji bombani,
gumba lake bado jeusi,
na juu ya bega langu, alama ya gumba hilo
ambayo sikumbuki iliwekwa saa ngapi.

Sikurudi kuiuliza karatasi.
"Ile bahasha," nikasema.

Akafunga koki. Akaitua ndoo,
akapangusa kizingiti kwa pindo la kanga,
akanipisha nafasi.

"Kaa," akaniambia.