Nyekundu Juu ya Njano

Saa kumi na mbili na robo, Vingunguti.
Ukingo wa bwawa la tatu la majitaka
umeota povu la kijani, na nzi
wameamka kabla yetu.

Huyu hapa: mtikisa-mkia, gramu kumi na saba,
mguu wa kushoto nyekundu juu ya njano,
wa kulia pete ya alumini yenye namba
niliyoibana mwenyewe kwa koleo, Novemba ya mwaka juzi,
moyo wake ukinidunda kiganjani
kama simu iliyowekwa mtetemo.

Eneo lake ni hatua arobaini na mbili.
Nimezipima kwa kamba ya katani:
kutoka bomba lililopasuka
hadi tairi la lori lililozama nusu.
Analizunguka, anadonoa, anarudi alikoanzia
nzi wapya wakiwa ndiyo kwanza wametua;
hesabu ambayo mimi naifanya kwa kalkuleta.
Jirani akivuka bomba, anamfukuza
kwa sauti moja kali, tswii,
wala hakuna mjumbe wa kuamua kesi.

Kibwana Pazi, mlinzi wa mabwawa, huniuliza:
"Kavishwa pete, mahari kalipa nani?"
Namwambia katoka mbali, ng'ambo ya jangwa,
ambako sasa hivi maji yameganda.
"Basi huko ndiko ugenini. Kwao ni hapa penye chakula."
Nimeandika hilo pembezoni, si kwenye jedwali.

Misimu mitatu amerudi bomba lile lile.
Misimu mitatu mimi nimehama: Tabata, Buguruni, Kiwalani,
kila mara kodi ya miezi sita mkononi,
godoro juu ya guta.

Januari ikanyesha bila taarifa, nzi wakafurika.
Akaja kijana asiye na pete, akala upande wa tairi.
Nikasubiri ile tswii. Haikuja.
Siku nne wakala pamoja,
wawili wakiwafukuza wavamizi.
Siku ya tano nzi wakapungua,
akamtimua kana kwamba hamjui.
Nilicheka, kisha nikamkumbuka dada yangu Siwema
na chumba tulichochangia.

Machi kumi na tisa. Bomba. Tairi. Povu.
Daftari lina safu ya "kaonekana" na ya "hakuonekana";
hakuna safu ya kwenda.
Naacha kisanduku wazi,
nakunja kamba hatua kwa hatua.

Yule kijana amesimama juu ya bomba,
anatikisa mkia, ananitazama
kama mwenye nyumba kodi ikiisha.