Wanga

Gramu mia za mtama wa Witu, mwekundu.
Nimeupepeta, nikatoa mawe manne na guu la panzi.
Maji, na dawa kidogo
yenye harufu ya kiberiti kilichozimwa.
Siku mbili, joto la hamsini.

Usiku wa pili stima ikakatika.
Nikavuka ua wa chuo na tochi, na chupa ya maji moto,
kuukanda mtungi kama mgonjwa.
Langoni, mlinzi Bwanaheri:
"Nani saa nane hizi? Mwanga?"
"Mwanga wa tochi," nikamjibu.
Hakucheka.

Kulipokucha, punje ukizibonyeza zavuka ganda.
Nikazisaga kwa blenda ya nyumbani (mama hajui).
Chujio la kwanza likazuia kumvi.
La pili, jembamba, likapitisha maziwa.
Nikayamimina juu ya bati lililoinama kidogo tu,
polepole, kichwa chaniwanga kwa usingizi:
chepesi kikaenda zake, njano, ndooni,
kizito kikabaki,
cheupe,
kikilia vidoleni nikikifinya.

Sitini na moja nukta nne. Nikaandika daftarini.

Bi Shufaa wa Mkomani, mshona kofia, akauliza,
"Wafaa kwa dondo?"
Nikampa vijiko viwili.

Siku ya tatu kaileta kofia imesimama kama ukuta,
lakini kwenye vito, wekundu umejipenyeza,
mwepesi, kama shavu la mtu aliyesifiwa.
"Mtama wako," kasema, "haujaoga."

Nikaloweka upya.